Mstari Mmoja kwenye main.cf: Historia ya Seva Ndogo ya Tovuti na Barua Pepe

Nimepotea kidogo, mniwie radhi, kazi za watu zilinibana. Juzi nilikuwa nahamisha seva ndogo kutoka mashine kuukuu kwenda mashine mpya. Nilipofungua main.cf, lile faili ambamo Postfix huwekewa mipangilio yake, nikakutana na mstari ulionirudisha hadi mwaka 2008. Basi leo sitaandika maelekezo ya hatua kwa hatua kama nilivyozoea. Leo nataka tuzungumze historia: seva ndogo ya tovuti na barua pepe imetoka wapi, na kwa nini maswali ambayo programu hizi hukuuliza wakati wa kuzisimika yana visa nyuma yake.

Nianze na aibu yangu.

Mwaka huo 2008 nilikuwa nafanya kazi na shirika dogo hapa Nairobi, watu kumi na wawili, na laini ya intaneti ya kilobiti 128 kwa sekunde ambayo sote tuliigombania. Barua pepe zetu zilikaa kwa kampuni iliyotuuzia intaneti. Mtu wa meza ya kwanza akimtumia wa meza ya pili picha, picha ile ilitoka nje kwa laini yetu nyembamba, kisha ikarudi ndani kwa laini ile ile. Nikamwambia mkurugenzi wetu, mama mmoja mwenye misimamo yake, kwamba naweza kusimika seva yetu wenyewe kwa gharama ya UPS moja tu. Akanitazama juu ya miwani. "Kijana, una hakika?" Nikamjibu, "Nina hakika, mama."

Mashine ilikuwa Pentium III iliyokuwa imetupwa stoo, yenye memori ya megabaiti 256. Nikaiwekea Debian 4.0, Postfix ya kupokea na kutuma barua, Dovecot ya kuwagawia watu barua zao, na Apache kwa ajili ya tovuti. Zote ni programu huria, hazikutudai hata senti. Wikendi moja ikatosha. Tatizo lilikuwa mstari mmoja.

Mstari wenyewe huitwa mynetworks. Unaiambia Postfix ni kompyuta zipi zinazoruhusiwa kutuma barua kwenda popote duniani kupitia seva yako. Tayari palikuwa na 127.0.0.0/8, yaani seva yenyewe. Kazi yangu ilikuwa kuongeza mtandao wa ofisi, 192.168.1.0/24, anwani 256 basi. Mimi nikaona ile /8 nikadhani ndiyo desturi, nikaandika 192.168.1.0/8. Postfix ikakataa, ikaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba labda nilimaanisha 192.0.0.0/8. Ilikuwa saa nne usiku, nikafurahi kwamba programu inanisaidia kufikiri. Nikakubali pendekezo. Kwa herufi hizo chache nikawa nimewafungulia mlango wenye anwani 16,777,216, karibu wote watu nisiowajua.

Siku ya nne asubuhi mkurugenzi akasimama mlangoni. "Kijana, barua yangu imerudi." Yalikuwa maombi ya ufadhili, na mwisho wa kuyapokea ulikuwa saa kumi na moja jioni ile ile. Nikatazama foleni ya Postfix: barua zaidi ya elfu tisa za kuuza dawa, kwenda kwa watu wa nchi ambazo sijawahi kufika, zote zikisukumana kwenye kilobiti zetu 128. Anwani yetu ilikuwa imeshaandikwa kwenye orodha za wakorofi, na seva za watu zilikuwa zinatufungia mlango usoni. Tuliishia kushuka hadi saiba ya ghorofa ya chini, mama akatuma maombi yake kutoka sanduku la bure la kampuni kubwa ya ng'ambo, zikiwa zimebaki dakika ishirini.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilijilaumu, ndiyo, lakini kuna swali pia lililonikera: kwa nini programu ya barua iwe na uwezo wa kupeleka barua za watu baki hata kidogo? Nani aliitaka hiyo?

Jibu nilikuja kulipata kidogo kidogo kwa kusoma. Zamani kupeleka barua za watu baki halikuwa kosa. Ndiyo ilikuwa kazi yenyewe.

Barua ya kwanza kutoka kompyuta moja kwenda nyingine kupitia mtandao ilitumwa mwaka 1971 na Ray Tomlinson, mhandisi wa kampuni ya BBN huko Massachusetts, Marekani. Ni yeye aliyechagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine. Mtandao wenyewe, ARPANET, ulikuwa na mashine chache mno, na waliozitumia walikuwa watafiti waliojuana. Baadaye vyuo vingi ambavyo havikuwa na bahati ya kuunganishwa na ARPANET vilitumia njia iitwayo UUCP: kompyuta moja inaipigia nyingine simu usiku, wakati simu ni nafuu, zinabadilishana mafurushi, zinakata. Barua iliruka kutoka mashine hadi mashine, na anwani ilikuwa orodha ya vituo vya njiani vilivyotenganishwa kwa alama ya mshangao. Kila kituo kilibeba barua za majirani kwa gharama yake ya simu. Ungekataa kubeba za mwenzako, zako nani angezibeba?

Mwaka 1982 Jon Postel akaandika RFC 821, waraka uliofafanua SMTP, itifaki ambayo mpaka leo ndiyo lugha ya seva za barua. Ukiusoma unaona hali ya nyakati zile. Mashine inapiga hodi, inasema HELO na kujitaja, inataja barua imetoka kwa nani na inakwenda kwa nani, inakabidhi. Hakuna nenosiri. Hakuna kuthibitisha kwamba aliyejitaja ndiye. Na kupokezana barua kwa niaba ya wengine kumo humo humo, kama jambo la kawaida kabisa.

Msidhani huo ni utamaduni wa wazungu wa vyuoni tu. Hapa Nairobi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla ya mtu yeyote kuuza intaneti nchini, shirika la mazingira la ELCI liliendesha kituo cha FidoNet. Barua za mashirika mbalimbali zilikusanywa kwenye kompyuta moja, kisha modemu ikapiga simu hadi London kwa GreenNet, ikakabidhi furushi na kuchukua la kurudi. Kompyuta za kawaida, laini ya simu ya kawaida, programu za kugawana bure. Jina la .ke lilisajiliwa mwaka 1993, na mwaka 1995 kituo cha African Regional Centre for Computing kikaiunganisha Kenya na intaneti kamili. Kabla ya hapo, aliyekuwa na barua pepe Nairobi aliipata kwa sababu kuna mtu alikubali kubeba barua zisizo zake.

Kwa hiyo mifumo hii ilijengwa juu ya vitu viwili: imani na subira. Imani tutairudia, maana ndiyo iliyonichoma. Subira kwanza, kwa sababu hiyo bado tunaila matunda yake.

Seva ya barua ikishindwa kumfikia mwenzake haiitupi barua. Inaiweka kwenye foleni, inajaribu tena, na tena. Postfix, ukiiacha ilivyo, huendelea kujaribu kwa siku tano kabla ya kumrudishia mwenyewe. Mwaka 1986 Craig Partridge aliandika RFC 974, iliyoleta rekodi za MX kwenye mfumo wa majina, na kwa rekodi hizo unaweza kuutangazia ulimwengu: barua zangu zilete kwenye mashine hii, na kama haipatikani, mpe yule pale anishikie. Waliobuni mambo hayo walikuwa wanawaza modemu na laini za simu zinazokatika. Sisi tukayakuta yametufaa kwa sababu nyingine: stima. Wikendi moja stima ilipotea mtaani kwetu Jumamosi asubuhi hadi Jumapili usiku. UPS ilidumu dakika arobaini. Nilidhani tumekwisha. Stima iliporudi, seva ikaamka, na kwa muda wa saa chache barua zote za siku mbili zikaingia moja moja, kama watu waliokuwa wamejikinga mvua chini ya mabati. Hakuna hata moja iliyopotea.

Wengi huamini kwamba seva lazima iwe kwenye jumba lenye jenereta tatu na baridi ya Limuru. Kwa tovuti, sawa, ikizimika wageni wanaona. Kwa kupokea barua, hapana. Itifaki hii ilizaliwa kwenye mazingira mabovu kuliko yetu.

Sasa turudi kwenye programu zenyewe. Kwa miaka mingi, kusema seva ya barua kulikuwa sawa na kusema sendmail. Iliandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Alianza na programu iitwayo delivermail mwaka 1979, na sendmail yenyewe ikatoka na Unix ya BSD mwaka 1983. Wakati huo mitandao ilikuwa mingi na kila mmoja ulikuwa na namna yake ya kuandika anwani, hivyo Allman akatengeneza mashine ya kutafsiri anwani ya aina yoyote kwenda aina nyingine yoyote. Ilikuwa kazi ya akili kubwa. Ila faili lake la mipangilio, jamani! Aliyewahi kulifungua anajua: unadhani paka amekanyaga kibodi.

Na ilikuwa na kasoro moja ya msingi. Ilikuwa programu moja kubwa iliyofanya kila kitu, ikiwa na mamlaka ya root, yaani mwenye nyumba. Tarehe 2 Novemba 1988 Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Cornell, aliachia mnyoo wake kwenye intaneti. Mojawapo ya njia zake ilikuwa amri ya DEBUG ndani ya sendmail: badala ya kutaja mpokeaji wa barua, unataja amri za kuendeshwa, na mashine inazitekeleza. Inakadiriwa mashine kama 6,000 ziliambukizwa, wakati intaneti nzima ilikadiriwa kuwa na mashine 60,000.

Baada ya miaka kama kumi wawili wakaja na majibu yanayofanana. Daniel J. Bernstein, mwanahisabati, alitoa qmail, na mwaka 1997 akaahidi dola 500 kwa atakayepata tundu la usalama ndani yake. Wietse Venema, Mholanzi aliyekuwa kwenye kituo cha utafiti cha IBM huko New York, akatoa Postfix mwezi Desemba 1998. Wazo lao ni rahisi ukilitazama kama nyumba ya biashara. Sendmail ilikuwa duka ambalo mwenye duka mwenyewe, funguo zote mfukoni, anasimama mlangoni kupokea wageni. Postfix ni duka lenye vibarua wengi. Mmoja, smtpd, anasimama mlangoni na kupokea, lakini hana ufunguo wowote. Anampa cleanup, anayenyoosha karatasi. Wa tatu, qmgr, anapanga foleni. Mwingine anatoka nje kupeleka, mwingine anaweka barua kwenye masanduku ya ndani. Kila mmoja anajua kazi yake tu, na hamwamini mwenzake kupita kiasi. Mwizi akimlaghai wa mlangoni, amepata kibarua asiye na kitu.

Bernstein alituachia kitu kingine ambacho nakithamini pengine kuliko qmail yenyewe: Maildir. Kabla yake sanduku la mtu lilikuwa faili moja refu, barua mpya inagandikwa mwisho. Stima ikikatika katikati ya kuandika, unaweza kuharibu mkia wa sanduku zima. Kwenye Maildir kila barua ni faili lake. Inaandikwa kwanza kwenye saraka ya tmp, na ikishakamilika ndipo inahamishiwa new. Stima ikipotea, ama barua imefika ama haijafika, na kama haijafika, aliyetuma bado anayo kwenye foleni yake. Dovecot, aliyoitoa Timo Sirainen wa Finland mwaka 2002, huielewa Maildir vizuri. Ndiyo maana nilipoulizwa nichague, sikusita.

Upande wa tovuti kisa ni kifupi zaidi na kina furaha. Seva ya kwanza ilikuwa kompyuta ya NeXT ya Tim Berners-Lee pale CERN, na alikuwa ameibandika karatasi yenye wino mwekundu kuwaonya watu kwamba mashine hiyo ni seva, wasiizime. (Nami nilibandika yangu, baada ya mtu mmoja kuichomoa ili achemshe chai.) Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikatangaza kwamba teknolojia ya wavuti ni mali ya umma. Seva iliyopendwa miaka hiyo iliandikwa na Rob McCool kwenye kituo cha NCSA huko Illinois. Alipoondoka mwaka 1994 kazi ikalala, na watu waliokuwa wanaitegemea wakabaki na viraka vyao, kila mtu na chake. Februari 1995 kikundi kidogo, Brian Behlendorf akiwa mmoja wao, kikaanza kuunganisha viraka hivyo pamoja. Hiyo ndiyo Apache. Toleo la 1.0 lilitoka Desemba 1995, na kufikia Aprili 1996 hesabu za Netcraft ziliionyesha ikiongoza duniani. Watu hao hawakuwa na bosi mmoja. Walikuwa wateja waliokosa fundi, wakaamua kuwa fundi.

Na yote hayo yasingetufikia sisi kama yangebaki kwenye mashine za Unix za bei ya gari. Linus Torvalds alipotangaza mfumo wake tarehe 25 Agosti 1991, alikuwa mwanafunzi Helsinki na kompyuta ya 386, aina ile ile ambayo maofisi yangeanza kuitupa miaka michache baadaye. Debian ikaanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Kwetu shida ilikuwa kuzipata, maana kupakua CD nzima kwa laini ya simu ni kazi ya siku na siku. Diski zilizunguka mikononi kama kanda za nyimbo. Yangu ya kwanza niliazima kwa rafiki, na ikanichukua mwaka kuirudisha. Ubuntu ilipoanza mwaka 2004, wakatuma CD za bure kwa posta hadi mlangoni kwako, huduma iliyokoma mwaka 2011. Nilikuwa naagiza kumi, nagawa tisa.

Lakini kuna swali ambalo vitabu vya ng'ambo havikuliuliza: ukishasimika seva yako ya tovuti Nairobi, nani wa Nairobi ataifikia? Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni za intaneti hapa hazikuunganishwa moja kwa moja. Mtu wa Westlands mwenye laini ya kampuni moja, akifungua tovuti iliyo mjini kwa kampuni nyingine, ombi lake lilipanda setilaiti, likashuka Ulaya au Marekani, kisha likapanda tena kurudi. Setilaiti hizo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, na kupanda na kushuka mara moja tu ni karibu robo sekunde. Kila hatua ililipiwa kwa dola.

Novemba 2000 watoa huduma, kupitia chama chao cha TESPOK, walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano hapa hapa Nairobi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake ya mawasiliano ya kimataifa, ikalalamika. Ndani ya wiki mbili tu tume ya mawasiliano, CCK, ikaamuru kifungwe kwa kuwa hakina leseni. Ebu fikiria: kosa lilikuwa kuunganisha majirani wawili bila kupitia ng'ambo. Ilichukua hoja nyingi na takriban mwaka mzima kupata leseni, Novemba 2001, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena na kampuni tano. Ripoti ya Internet Society ya mwaka 2012 inaonyesha tofauti: muda wa mawasiliano ya ndani ulishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600, ukawa milisekunde 2 hadi 10. KENIC ikachukua usimamizi wa .ke, na mwaka 2009 nyaya za baharini zikafika Mombasa, TEAMS na SEACOM. Mimi huihesabu KIXP kuwa kubwa kuliko nyaya kwa mtu wa seva ndogo. Waya wa baharini unakupeleka kwa wenye seva. KIXP ilifanya iwe na maana kuwa na seva yako hapa.

Haya, sasa ile imani.

Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, Canter na Siegel, walimwaga tangazo lao la biashara kwenye maelfu ya vikundi vya Usenet, na wafanyabiashara wa barua wakajifunza haraka. Walitafuta seva zilizobeba barua za kila mtu, wakazipandishia mizigo yao. Wema ule wa kubeba barua za jirani ukageuka tundu. Mwaka 1997 Paul Vixie na wenzake wakaanzisha orodha ya kufungia, RBL: anwani ikiingia humo, wanaoitumia orodha hawapokei barua zake. Mei 1998 sendmail 8.9 ikatoka ikiwa imeacha kubeba barua za watu baki, isipokuwa umeiruhusu kwa makusudi. Ndiyo asili ya mynetworks. Ule mstari ni mabaki ya ukarimu: andika hapa majina ya wale ambao bado unawaamini. Mimi niliandika milioni kumi na sita.

Baada ya hapo uthibitisho ukaongezeka juu ya uthibitisho. SPF, iliyoandikwa kama RFC mwaka 2006, inataja ni mashine zipi zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako. DKIM ya mwaka 2007 inatia sahihi ya kihisabati kwenye kila barua. DMARC ya mwaka 2015 inawaambia wapokeaji wafanye nini hivyo viwili vikishindwa. Februari 2024 Google na Yahoo wakaanza kudai SPF au DKIM kwa kila mtumaji, na vyote vitatu kwa anayetuma barua nyingi. Anwani yako ya IP lazima pia itafsirike kuwa jina, na rekodi hiyo iko mikononi mwa aliyekuuzia laini. Nimewahi kusubiri wiki tatu kampuni moja hapa iniandikie rekodi moja ya PTR. Mstari mmoja!

Sisemi ni mabaya. Kila kimoja kina sababu, na sababu mojawapo ni mimi na barua zangu elfu tisa. Lakini hesabu imebadilika. Mwaka 2008 kazi ngumu ilikuwa kusimika, ukimaliza dunia inakupokea. Leo kusimika ni jioni moja, cheti cha usalama unapewa bure na Let's Encrypt tangu mwishoni mwa 2015, kisha unatuma barua yako safi, yenye sahihi zote, na inatua kwenye folda ya taka kwa sababu tu anwani yako haijulikani. Kupokea hakujabadilika. Kuaminiwa ndiko kumehamia kwa wachache wakubwa.

Wateja wadogo wakiniuliza leo, nawaambia hivi: tovuti, ikae kwako. Kupokea barua na kuzihifadhi, ikae kwako pia, hasa kama ni barua za kesi, za wagonjwa, za mishahara. Kutuma, weka relayhost kwenye main.cf, ulipie kampuni yenye jina zuri ikutumie. Yaani tumemrudia yule jirani wa kubeba barua, ila safari hii ana bei.

Mkurugenzi wetu alifikia uamuzi huo kabla yangu. Siku ile tuliporudi kutoka saiba nilitarajia aniambie niitoe ile Pentium chini ya meza. Akasema, "Irekebishe. Lakini maombi ya wafadhili yatatoka kwenye lile sanduku la bure." Ilichukua siku sita anwani yetu kufutwa kwenye orodha zote. Na kweli, mpaka nilipoondoka pale, maombi ya wafadhili yalitoka kwenye lile sanduku, huku barua za ndani, picha na taarifa za mishahara zikipita kwenye seva yetu. Ilifanya kazi hadi mwaka 2014, umeme wa ghafla ulipounguza pawa saplai yake. Diski haikudhurika.

Main.cf yake nimekuwa nikiinakili kila ninapohama, na juzi nimeinakili tena. Mynetworks sasa ina 127.0.0.0/8 na 192.168.1.0/24. Mstari wa 2008 uko juu yake, na alama ya # mbele.